Shajara ya nyumba ya Chanika: nimenunua pagale, haya ndo yanayoendelea

Jumamosi 14 Oktoba 2023

Nimeamua kuandika kila hatua maana najijua, nikishahamia tu nasahau yote, na kuna jamaa wawili kazini wanataka kununua mwakani, basi wasome humu wasinipigie simu saa sita usiku. Tumepanga Gongo la Mboto, hapa hapa Dar, miaka tisa sasa, vyumba viwili na sebule, laki na nusu kwa mwezi, kodi ya miezi sita kwa mkupuo. SACCOS wamenipa mkopo, mke wangu kikoba chao kimevunjwa kapata mgao wake, na bajaji tumeiuza japo roho iliuma. Ukijumlisha yote tuna mil 40. Hiyo 40 ni ya kila kitu, nyumba, kumalizia, makaratasi na kuhama.

Leo tumezungushwa na dalali nyumba tatu, kila nyumba hela ya kuonyeshwa elfu kumi, ukiuliza ya nini anakwambia bosi hii ni ya usumbufu. Haya.

Ya kwanza mil 31, imekamilika kabisa, tailizi, jipsam, rangi mpya inanukia. Mke wangu alishaanza kupanga makochi kichwani. Mimi nikachuchumaa ukutani kwa nje nikaona rangi imevimba vimba kwa usawa mmoja, goti la mtu mzima hivi, imezunguka nyumba nzima kama mtu kapiga rula. Nikatoka mpaka kwa mama anayekaanga mihogo ng'ambo ya njia, nikanunua ya mia tano, nikamuuliza vipi mama hii nyumba ikoje? Akageuza mihogo yake kwanza. Akasema, "Mwanangu, waulize masika walilala wapi." Basi. Nyuma ya ile nyumba kuna mto, siku ya jua unaweza kuuruka, na hata kama maji yasingefika, sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 toka kingo za mto, kwaiyo siku serikali ikija na ile rangi nyekundu ya X huna pa kulalamika. Waliobomolewa bonde la Msimbazi mwishoni mwa 2015 wengine walikuwa na mpaka mita za umeme, wanalipa bili kama kawaida. Kuwa na mita sio kuwa na haki.

Ya pili muuzaji ni kijana, nyumba ya marehemu baba yake, wako ndugu sita. Nikauliza barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi iko wapi, akasema ndugu wote wameshakubaliana. Tuliondoka.

Ya tatu ni pagale. Vyumba vitatu, kiwanja 20 kwa 20, limepauliwa, bati gage 30, halina ripu (plasta ya ukutani), halina madirisha, choo cha nje na kibanda cha chumba kimoja uani alikokuwa anaishi mwenyewe, kina umeme. Kisima kimechimbwa. Anataka 34. Dalali anasema ana haraka. Kila muuzaji wa dalali ana haraka.

Jumamosi 4 Novemba

Mvua za El Nino walizotangaza Mamlaka ya Hali ya Hewa zimeanza kweli, na mimi nilikuwa naisubiri mvua kwa makusudi. Leo imenyesha tangu alfajiri, nikapanda daladala mpaka Chanika, bodaboda akagoma kuingia ndani nikatembea na viatu mkononi. Ushauri wangu wa kwanza mkubwa ndo huo, nyumba kaione mvua inanyesha, jua linafanya kila nyumba ionekane nzuri.

Nimekaa ndani ya pagale saa nzima na tochi naangalia juu. Bati halivuji ila sehemu mbili karibu na kofia ya paa, kule kileleni, misumari imekaa vibaya, ni kazi ya nusu saa. Mbao za kenchi, zile zinazobeba bati, nimezichoma na kisu, ngumu, hamna mchwa. Linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, haina nyufa. Kuna ufa mmoja chini ya dirisha la chumba cha nyuma, nikauwekea alama ya penseli mwanzo na mwisho na tarehe, nikirudi ntaona kama umetembea.

Nimefurahi sana. Tumepatana 29.5.

Jumatano 8 Novemba

Kabla ya kutoa hata mia nimefanya vitu viwili. Cha kwanza nimeenda ardhi halmashauri kuuliza mchoro wa mipango miji, ile TP, kuona pale pamepangwa nini. Watu wanaruka hii hatua alafu wanakuja kugundua sebule yao kwenye mchoro ni barabara ya mita kumi au uwanja wa shule. Pale petu pamepangwa makazi, ila njia ya mbele imeandikwa mita nane na kwa sasa ni kama nne, maana yake siku wakiipanua mita mbili zinatoka kwangu. Sawa, ntajenga geti ndani ya hapo. Waliokuwa barabara ya Morogoro kuanzia Kimara mpaka Kiluvya walivunjiwa 2017 kwa sababu ya hifadhi ya mita 121.5 toka katikati ya barabara, wengine walinunua kwa nia njema kabisa, na mkataba wenye muhuri wanao.

Cha pili nimelipa mpimaji wangu mwenyewe, sio wa muuzaji. Kaja na mashine, nusu saa tu, kakuta upande wa kushoto ua wa michongoma wa jirani umeingia mita moja na kidogo. Muuzaji kaitwa, jirani kaitwa, wamekubaliana mpaka wa viwanja mbele ya mjumbe na jiwe limewekwa. Ingekuwa nimeshalipa huo ungekuwa ugomvi wangu mimi.

Hati hakuna, hilo nalijua, urasimishaji (kupima makazi yaliyojengwa bila kupimwa ili watu wapate hati) umeanza mtaani na wakachangishwa hela na kampuni ya upimaji imeishia nusu njia, nimeambiwa hiyo hadithi na majirani wanne na wote wameguna kwa namna moja. Nanunua kwa mkataba wa mauziano, hati ntaifuatilia mwenyewe. Kama we una mil 40 na unaweza kupata penye hati hata kadogo kuliko hapa, chukua penye hati. Mimi nilihitaji vyumba vitatu, watoto wawili na mama mkwe.

Jumamosi 18 Novemba

Ya leo naandika yote.

Tumefika ofisi ya serikali ya mtaa saa nne, mimi, mke wangu, shemeji kama shahidi, wakili wetu. Muuzaji kaja na mkewe, mama mmoja mtaratibu, kajitanda vizuri, ametulia. Tunataka mke awepo asaini kwa sababu Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 59 mtu hawezi kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na wakili alishatuambia bila hiyo sahihi yeye hagusi kalamu. Mkataba umesomwa. Mama kauliza swali moja tu, kama kisima nacho kinauzwa maana yeye hakuambiwa kisima. Tumecheka wote.

Kalamu iko mkononi, mjumbe akaniita nje. Mzee wa watu, kanishika bega. "Kijana, huyu ni bi mdogo. Bi mkubwa yuko Kisarawe. Na tofali za nyumba hii mimi namkumbuka bi mkubwa ndo alikuwa anazimwagia maji."

Nimerudi ndani nimemwambia wakili sikioni. Wakili kafunga faili. Muuzaji kaanza kufoka, eti huyo walishaachana, talaka iko wapi, talaka ni ya mdomo, mashahidi ni nani, mashahidi wamefariki. Bi mdogo kainuka kaenda kukaa nje kwenye kivuli cha mwembe, hakusema neno.

Hatujasaini. Dalali ananipigia simu kila saa anasema kuna mteja mwingine kaja na cash. Nimemwambia amuuzie.

Jumamosi 2 Desemba

Bi mkubwa kaja kutoka Kisarawe na kijana wake wa kiume. Shikamoo mama, marahaba, kakaa. Kaomba asomewe mkataba mara mbili. Kasema yeye hana shida nyumba kuuzwa, shida yake ni kwamba mara ya mwisho kiliuzwa kiwanja akaletewa doti ya khanga. Wakili kapendekeza hela igawanywe kwenye akaunti mbili na iandikwe hivyo hivyo kwenye mkataba, muuzaji kanuna lakini kakubali, na wamesaini watatu, mume, bi mkubwa na bi mdogo, na dole gumba juu. Picha za wote zimebandikwa, namba za NIDA zimeandikwa. Nimelipa benki kwa benki, hamna mfuko wa rambo wala kuhesabu hela mezani.

Serikali ya mtaa wakataka asilimia 10. Mil 2.95 kwa muhuri! Wakili kawauliza iko kwenye sheria ipi, wakasema ni utaratibu. Mwisho tumetoa laki tano na nimedai risiti mpaka ikaandikwa. Kwa wanaonunua penye hati hesabu zenu ni nyingine, kuna ushuru wa stempu asilimia 1 na kodi ya mtaji asilimia 10 ya faida ya muuzaji huko TRA, na uhamisho hauendi bila hizo, kwaiyo andikeni kwenye mkataba nani analipa nini mapema, muuzaji akishapokea hela yake humpati kwenye simu.

Jumamosi 9 Desemba

Funguo ninazo. Funguo moja tu, nayo ni ya kibanda, pagale lenyewe halina mlango.

Nimenunua LUKU ya elfu 20 kuona kama mita inafanya kazi. Kwa tarifu iliyopo, 292 kwa uniti ukiweka VAT na makato mengine inafika kama 356, nilitegemea uniti 56, zikaja 35. Kodi ya jengo. Siku hizi inakatwa kwenye LUKU, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na muuzaji kahama hapa Julai, miezi mitano hamna aliyenunua umeme deni linajilimbikiza tu, 7,500 yake nimelipa mimi. Ni hela ndogo, ila jamaa yangu wa Kivule alikuta mita ina deni la mtu aliyechezea umeme na hilo lilikuwa laki kadhaa. Nunua umeme wa elfu tano kabla hujasaini, uone zinatoka uniti ngapi.

Jumamosi 13 Januari 2024

Fundi ujenzi nimempata kwa kuangalia nyumba nne alizojenga, tatu watu wanaishi na wamenikaribisha ndani. Ukimuuliza fundi mwenyewe kila kitu kinawezekana bosi.

Utaratibu tuliokubaliana: mabomba ya umeme na maji ukutani kwanza, fremu za milango, ripu, alafu sakafu, dari mwisho. Unajua wangapi wanapiga ripu alafu ndo wanakumbuka umeme? Fundi umeme anakuja na patasi anachimba ukuta mpya mifereji kama panya. Swichi nimezipanga mwenyewe kwa chaki, nimesimama kila mlango nikajifanya naingia usiku, mkono unaenda wapi, hapo ndo swichi. Mke wangu kaongeza soketi mbili jikoni nilizokuwa nazibania, na alikuwa sahihi.

Grili hazijaisha, fundi wa kuchomelea anafanya kazi usiku tu kwa sababu ya mgao. Umeme unakatika asubuhi unarudi saa tatu usiku, na yeye ana wateja kumi wanaomsubiri. Nampelekea chai. Chai yenyewe sukari imepanda mpaka vibarua nawapimia na kijiko, aibu lakini ndo hali.

Jumamosi 10 Februari

Nimekosea. Hili kosa ni langu mwenyewe na limenigharimu.

Maji ya kisima chetu yana chumvi. Sio kali ya bahari, ile ya ukinywa unakunja uso kidogo, sabuni haitoi povu mpaka uisugue kama una ugomvi nayo. Niliyaonja Novemba nikasema ya kuogea yatatosha. Fundi kaanza ripu mimi niko kazini, kaunga pampu kwenye kisima, kachanganya mchanga na saruji kwa maji yale yale. Vyumba viwili na koridoo. Ukuta ulivyoanza kukauka ukatoa unga mweupe, ukipitisha kidole unabaki na poda kama ya chaki, ukilamba ni chumvi tupu. Mke wangu kanambia usilambe kuta mbele ya mafundi.

Nilivyoelekezwa ni hivi, chumvi inasafiri na maji, unyevu ukitoka ndani kwenda nje unaibeba na kuiacha juu ya ukuta, kwaiyo ukiuosha kwa maji unairudisha ndani ikatoke tena kesho. Inafagiliwa kavu na brashi ngumu, tena na tena, mpaka iishe, na rangi haipakwi kabla. Ukipaka mapema inavimba na kubanduka kama gamba la nyoka. Na kwenye zege ni mbaya zaidi, chumvi inakula nondo. Bahati linta na nguzo zilijengwa zamani na maji ya boza (gari la kuuza maji), bi mkubwa mwenyewe kanihakikishia kwenye simu, anakumbuka mpaka bei ya boza.

Kuanzia leo maji ya ujenzi ni ya boza. Boza moja linatuishia siku tatu.

Jumamosi 24 Februari

Choo. Kila mtu anataka kuongelea tailizi, hakuna anayetaka kuongelea choo. Shimo la zamani liko mita tisa toka kisimani. Ushauri wa wataalamu ni mita 30 kati ya shimo la choo na maji ya kunywa, na kwenye kiwanja cha 20 kwa 20 hata ukipima kona kwa kona unapata 28. Maana yake kwa viwanja vyetu hivi, kisima na choo ndani ya ua mmoja, alafu jirani naye choo chake kiko mgongoni kwako, maji ya kisima usinywe hata kama ni matamu. Tumeamua cha kunywa na kupikia ni cha boza kwenye tenki la lita elfu moja, cha kisima ni kufua, kudeki na kumwagilia.

Kabla ya kuchimba soko piti jipya, shimo la kunywesha maji ya choo ardhini, tulichimba kishimo cha futi mbili, tukajaza maji, tukaangalia saa. Juu ni mchanga yananyweka upesi, ukifika mita moja na nusu kuna mfinyanzi, maji yanakaa yanakuangalia. Kwaiyo shimo limeenda chini zaidi mpaka tukapita ule mfinyanzi. Vibarua wamelalamika, nimeongeza hela. Na mfuniko tumeuweka sehemu ambayo gari la kunyonya linafika kwa bomba. Kuna nyumba nimeona chemba iko chini ya jiko.

Jumamosi 16 Machi

Fensi ya upande wa juu wa kiwanja imeisha, tofali za nchi sita, kozi (mistari ya tofali) saba, mita 20, nimetoa 1.4. Imenyooka vizuri sana. Chini nimeziba kabisa mpaka udongoni ili kuku wa jirani wasiingie. Geti la mbele limefungwa. Vyumba viwili vina dari, sebule bado, madirisha yote yana grili na nyavu, vioo viwili bado. Inatosha. Kodi yetu inaisha tarehe 31 na mwenye nyumba keshaleta mpangaji mwingine kuangalia vyumba tukiwa tunakula.

Jumamosi 23 Machi

Tumehama. Kirikuu trip tatu, elfu 60 kila trip, na vijana wa kupakia. Mwezi wa Ramadhani, vijana wawili wamefunga, kwaiyo tumeanza saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijawa kali na hamna aliyekimbizwa.

Mambo niliyojifunza kwa haraka: trip ya kwanza ipeleke ndoo, fagio, tochi, jiko la mkaa, mkaa, sufuria moja, mikeka, sio makochi. Kitanda kikishafunguliwa skrubu zake zifunge na selotepu kwenye mbao za kitanda chenyewe, zetu zilikaa kwenye kopo na kopo lilikaa kwenye ndoo na ndoo ilibebwa na mtu. Tumelala na godoro chini siku mbili. Friji ibebwe imesimama, na ikifika iache ipumzike masaa kadhaa ndo uichomeke. Nyaraka, mkataba, risiti, vyeti vya watoto, begi hilo kabeba mke wangu mapajani, halikupanda kirikuu.

Tumeenda kwa mjumbe kujitambulisha, kaandika majina kwenye daftari. Magharibi tukaletewa futari na nyumba mbili ambazo hatuzijui, tambi na uji wa pilipili manga, na magimbi. Bibi wa nyumba ya chini yetu kaja mwenyewe na fimbo yake. Amekaa hapa tangu pako mikorosho na mananasi. Akazunguka ua wetu taratibu, akaangalia ile fensi mpya muda mrefu, akaniambia, "Mwanangu, masika ikikolea usiwe unafunga geti."

Nikajua ananitania, kwamba majirani tuachiane milango wazi. Nikamjibu bibi karibu wakati wowote. Akacheka akaondoka.

Jumatatu 15 Aprili

Naandika saa nane mchana sijalala. Jana usiku mvua ilianza saa mbili, sio ya kawaida. Saa nne hivi geti linagongwa kwa jiwe. Jirani wa juu, kalowa chapachapa, tochi ya simu mdomoni kaibana na meno, mikono yote kashika koleo. "Jirani, umetuzibia! Njoo uone!"

Nimezunguka nae mpaka kwake. Nyuma ya fensi yangu nzuri iliyonyooka kuna bwawa. Maji yametoka huko juu kwa viwanja kama kumi, yamefika kwenye tofali zangu yamesimama, yamepanda mpaka kozi ya tatu, na mfuniko wa choo chake umeshazama, viatu vya watoto wake vinaelea. Mkewe yuko mlangoni kabeba mtoto mgongoni, ananiangalia tu, hajanitukana hata kidogo na ningependa angenitukana.

Njia ya maji. Kiwanja changu ni njia ya maji ya mtaa mzima, yanaingia juu kushoto, yanapita kati ya kibanda na nyumba, yanatoka getini, miaka yote. Novemba nilikuja mvua inanyesha nikakaa ndani saa nzima naangalia bati. Nilikuwa naangalia juu. Ningetoka nje hatua kumi tu ningeyaona yanapita.

Tumechukua sululu. Ukiwa mtu aliyelipa mil 1.4 wiki nne zilizopita kugonga tofali yako mwenyewe gizani kuna namna inakuuma, ila baada ya la pili unagonga tu. Tumetoboa matundu mawili chini, maji yakatoka kwa nguvu yakanisomba miguu nikakaa. Mke wangu kakimbia kufungua geti. Kwa robo saa yalipita uani kwetu rangi ya chai ya maziwa, na ndala, na dumu, na mihogo ya mtu. Ndani hayakuingia, msingi uko juu kozi tano, hapo aliyejenga alijua anachofanya. Kisima ndo kimeingiliwa, leo maji yake ni tope.

Asubuhi nimeenda kwa jirani na sukari kilo mbili na unga. Tumeongea. Nimelipa gari la kunyonya choo chake.

Jumamosi 20 Aprili

Bibi kaja na fimbo. Katembea uani anachora mstari mchangani, hapa, hapa, maji yanakunja hapa kwa sababu palikuwa na kisiki cha mkorosho. Fundi anafuata nyuma na chokaa. Tumechimba mfereji upana wa futi mbili, tumejenga kuta mbili za tofali na sakafu ya zege, una mteremko mpaka chini ya geti, na kwenye fensi tumeacha matundu manne yenye nondo ili takataka kubwa zisipite. Jirani wa juu kachangia mifuko miwili ya saruji, sikumwomba. Mdomo wa kisima tumeupandisha futi mbili na kuufunika.

Nimemuuliza bibi, mbona siku ile hukuniambia wazi? Akasema, "Nilikwambia."

Jumapili 5 Mei

Kimbunga Hidaya jana kimetua Mafia. Huku kwetu upepo na mvua tangu juzi, boti za Zanzibar zilisimamishwa. Usiku nimekaa barazani na tochi naangalia mfereji, sasa naangalia chini. Yalijaa mpaka vidole vitatu kutoka juu, nimeweka alama ya mkaa. Hayakumwagika. Saa saba jirani kanipigia kuuliza vipi huko, nikamwambia yanapita, akasema na huku yanapita, tukakata.

Bati moja la kibanda limeinuka, nimelifunga waya.

Jumamosi 22 Juni

Hesabu mpaka leo, kwa wale wawili wa kazini. Nyumba 29.5. Wakili, mpimaji, serikali ya mtaa 1.1. Umeme 1.6. Ripu na sakafu 3.2, humo kuna laki tatu hivi za chumvi. Milango, grili, geti 2.7. Choo 1.9. Tenki na mnara 0.95. Dari vyumba viwili 0.9. Kuhama 0.28. Fensi 1.4. Hiyo ni 43.53, na mfereji bado sijauweka humo, laki sita na nusu. Nimevuka kwa zaidi ya mil 4, na hiyo ziada ni deni la shemeji.

Bado: dari ya sebule, vioo viwili, rangi, kufuatilia upimaji (tumeunda kamati mtaani, mimi katibu, sijui walinipataje). Ule ufa wa dirishani niliouwekea penseli Novemba haujasogea.

Ukuta wa koridoo nimeufagia wiki nane mfululizo. Leo asubuhi nimepitisha kidole toka mlango wa sebule mpaka bafuni, kimetoka kisafi isipokuwa pale nyuma ya mlango wa chumba cha mama mkwe. Yeye anataka rangi ya kijani. Tumekubaliana asubiri Julai.